Mishono Mitatu ya Bandi

Harufu ndiyo iliyoniambia. Nilikuwa nimerudi nyumbani, Kibeta, kutoka Kamachumu jioni moja ya Januari 2017, mwili umechoka kwa matanga na safari, na paka akaja kunilaki mlangoni pa turubai akichechemea. Nikamwinua. Chini ya manyoya, kwapani upande wa kushoto, palikuwa na unyevu, na unyevu ule ulinuka kama nyama iliyosahauliwa sufuriani. Nikapeleka kidole. Kikagusa kitu chembamba, kigumu, kilichozama ndani ya nyama, nami nikakijua papo hapo, kwa sababu nilikuwa nimekishona kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, kama saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa barazani nakunja pindo la joho la kwaya pale ardhi ilipovuma. Kabla ya kutikisika nilisikia sauti, kana kwamba lori lililojaa mawe linapanda mlima chini ya nyumba. Halafu cherehani ikasogea yenyewe. Halafu ukuta wa chumba cha mama ukaangukia ndani.

Mama alikuwa amejilaza. Tulimtoa akiwa hai, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, nyonga imevunjika. Baadaye redio ikasema tetemeko lilikuwa la 5.9 kwa vipimo vya wataalamu. Watu zaidi ya 15 walikufa mkoani kwetu, wakaagwa uwanjani Kaitaba, na shule za Ihungo na Nyakato, ambazo sisi wa huku tulizihesabu kama milima, majengo yake yakapasuka na kuporomoka. Mama aliyaona ya mwaka 1978 na 1979, wakati wa vita na majeshi ya Idi Amin. Alipowekwa juu ya mkeka nje, akisubiri usafiri wa kumpeleka hospitali, aliniambia, "Hata mabomu ya Amin hayakunitoa kitandani namna hii."

Siku ya tatu vijana waliokuwa wakiondoa matofali ya jiko la jirani walitoka na kitoto cha paka. Hakikuwa na mama wala ndugu. Kilikuwa cheusi tii, isipokuwa mguu mmoja wa nyuma uliokuwa mweupe kama umevaa soksi. Nyumba zimeanguka, watu wamekufa, na kutoka kwenye kifusi anatokea paka mweusi akilia: mnaweza kukisia yaliyosemwa. Mmoja alikuwa tayari amemshika mkia. Mama, aliyekuwa amerudishwa kutoka hospitali kwa sababu vitanda havikutosha, aliinua kichwa pale chini ya turubai akasema, "Nileteeni." Akamweka kifuani, akamfunika kwa kitenge. Akamwita Tetemeko.

Sitaki kumfanya huyu paka kuwa malaika. Alikuwa na viroboto, alikojolea vitambaa vya wateja, usiku alilia. Lakini mama hakuweza kugeuka bila kusaidiwa, na alipokuwa akiamka usiku wa manane kwa maumivu, ardhi ikitikisika tena kidogo kama ilivyokuwa ikifanya majuma yale, alikuwa anapeleka mkono pembeni na kukuta kitu cha moto kinachokoroma. Nilimsikia akiongea naye Kihaya gizani. Mimi alikuwa haniamshi tena.

Mwezi wa Oktoba Tetemeko akaanza kutoka nje, na mara mbili alirudi akiwa amepigwa mawe. Mama akaniita. "Mfunge kitu shingoni," akasema, "wajue ana kwao."

Hilo ni neno la kweli, na mpaka leo nalishika. Paka asiye na kitu shingoni, hasa mweusi, mtaani ni wa kila mtu na si wa mtu. Mwenye kitambaa shingoni hata mtoto mtukutu anasita, kwa sababu kuna mwenyewe atakayekuja kuuliza. Basi nikachukua tepu. Shingo ilikuwa sentimita 14. Nikakata lastiki nyembamba, ile ya kiuno cha sketi za watoto, nikaiunganisha duara kwa mshono wa kwenda na kurudi, imara, nikashonea juu yake kipande chekundu cha satini. Nilichagua lastiki kwa huruma. Niliwaza: kamba itamkaba, lakini hii inavutika, itakua naye.

Mama alifariki mwishoni mwa Novemba, kifua kikiwa kimembana baada ya miezi ile ya kulala chali. Ulikuwa msimu wa senene, na siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameonja wachache, akasema chumvi imepungua. Tulimpeleka kumzika kwao, kibanjani, Kamachumu, wilaya ya Muleba. Nikakaa huko matangani, kisha Krismasi ikanikuta huko, kisha nikawa sina nguvu ya kurudi kwenye turubai lenye mkeka wake. Tetemeko nilimwachia watoto wa jirani. Walimlisha, Mungu awabariki, dagaa na mabaki ya ugali. Hakuna aliyewaambia kwamba shingo ya paka wa miezi mitano si ya paka wa miezi miwili. Mimi niliyeshona nilijua, wala sikufikiria hata siku moja.

Daktari wa mifugo niliyempelekea asubuhi yake alikuwa kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alimchoma sindano ya usingizi, akanyoa manyoya, na ndipo nilipoona kazi yangu yote. Lastiki haikuwa tena shingoni. Ilikuwa imepita kama mkoba unaovaliwa begani: juu ya bega la kulia, chini ya kwapa la kushoto. Mle kwapani ilikuwa imekata ngozi, ikazama, na nyama ikaanza kuota juu yake.

"Mama, nani alimfunga?"

"Ni mimi, mwanangu."

Hakunigombeza. Alinionyesha kwa kidole. Paka akijikuna shingoni, au akijaribu kuivua kola, huingiza mguu wa mbele ndani yake. Kola ya kitambaa kigumu iliyomkaa sawasawa haina nafasi ya kupitisha kiwiko. Lastiki inatanuka, mguu unapita, kisha inajivuta na kurudi, na mguu hautoki tena. Kuanzia hapo kila hatua ni msumeno. "Lastiki inawadanganya watu wenye huruma," alisema. Niliinama nikalia pale kwenye benchi, mbele ya mtu aliyekuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi. Nadhani kilio kile ndicho ambacho sikukilia Kamachumu.

Kidonda cha kwapani hakiponi kama cha mgongoni. Ngozi ya pale inavutwa paka akitembea, akiruka, hata akijinyoosha. Daktari alikata nyama iliyooza, akasafisha, akaacha wazi siku kadhaa, akashona. Mshono ukafumuka baada ya siku tisa. Akashona tena mwezi wa Machi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha kila asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, na kumpa vidonge vya kuua vijidudu nilivyopewa. Usiku mmoja alipolia sana nilishika kidonge cha parasetamo nimpe kipande. Nikasita, nikampigia daktari simu nikijua ni usiku. "Usithubutu!" akasema. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa ile, na kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Naandika hili kwa sababu najua nyumba nyingi kidonge hicho kipo dirishani, na wenye nyumba wana moyo mwema kama niliokuwa nao mimi usiku ule.

Alilamba kidonda mno, kwa hiyo nikamshonea fulana. Nilikosa kitambaa laini cha kutosha, nikafungua sanduku la mama nikatoa kitenge kile alichomfunika nacho siku ya kwanza. Nilikikata. Dada yangu aliposikia alikasirika, na alikuwa na haki. Vitenge vya marehemu vina utaratibu wake. Nilimwomba radhi na amenisamehe. Lakini Tetemeko alitembea miezi miwili Kibeta akiwa amevaa kitenge cha mama chenye matundu manne ya miguu.

Jirani mmoja, mtu ninayempenda, aliniambia tukiwa kisimani, "Dada fundi, watu wamezika, watu hawana paa, wewe unahangaika na paka?" Sikuwa na jibu siku ile. Hata pesa sikuwa nazo. Daktari nilimlipa kwa kumshonea makoti mawili meupe ya kazi. Jibu ninalo sasa. Tangu nirudi kutoka Kamachumu nilikuwa siwezi kuamka. Wateja walikuja na vitambaa wakavirudisha. Ilikuwa saa tano asubuhi mimi bado nimegeukia turubai. Kidonda cha paka kinataka kuoshwa saa moja, na maji yanataka kuchemshwa kabla ya saa moja, na kuni zinataka kutafutwa kabla ya hapo. Nikishakuwa macho na moto umewaka, napika uji. Nikishakunywa uji, naona aibu kukaa bure, nafungua cherehani. Hivyo ndivyo nilivyorudi kazini, wala si kwa njia nyingine. Jumuiya yetu iliponiomba ushuhuda mwaka ule nilisimulia habari za nyumba na ukuta, nikapigiwa makofi. Habari hizi za maji ya chumvi nilizificha, nikiogopa kwamba zingeonekana ndogo.

Kidonda kilifunga mwezi wa Mei. Kovu lake lipo, limekunjamana kama mshono wa fundi mwanafunzi.

Ilikuwa rahisi wakati huo kusema basi, asivae tena kitu. Nililifikiria, na daktari alisema paka wengi huishi vizuri bila kola. Lakini mawe yalikuwa yameanza tena, na mama alikuwa amesema. Mpwa wangu akaniletea kola kutoka Mwanza: ukanda wa ngozi mzuri, bizimu ya chuma, kengele ndogo. Kwenye karatasi yake palikuwa na picha ya mbwa mdogo. Safari hii nilifanya kila kitu kwa kipimo. Tepu ilisoma sentimita 23 chini ya manyoya. Nikafunga, nikapitisha vidole viwili vilivyolala kati ya ukanda na shingo: vikiingia kwa kubana kidogo ndiyo sawa, vikiingia vitatu kuna nafasi ya mguu au taya kunasa, kisipoingia hata kimoja unamkaba. Nikapima tena baada ya nusu saa, kwa sababu paka anayefungwa hukaza misuli ya shingo, na ukimwamini dakika ile utafunga legevu. Kila Jumapili nilirudia. Hakuna aliyemvisha paka kola kwa uangalifu kuliko mimi mwezi ule.

Kisha ukafika wakati wa kuchuma kahawa. Nyuma ya nyumba yetu kuna kibanja cha jirani, migomba juu, mibuni chini yake, kama vibanja vyote vya huku. Mibuni ile ilikuwa imepogolewa, na pale tawi linapokatwa hubaki kisiki kifupi, kigumu kama kidole gumba. Tetemeko aliruka kutoka kwenye mbuni akifuata kitu, na kisiki kikaingia kati ya ukanda na shingo yake. Binti aliyekuwa akirudisha ndoo yangu ndiye aliyeona. Alipiga ukelele, nikatoka na mkasi mkononi. Paka alikuwa ananing'inia, miguu ya nyuma ikitafuta shina na kuteleza, ulimi nje. Mkasi haukukata ngozi ile. Nikamwinua kwa mkono mmoja ili uzito utoke, binti akafungua bizimu. Paka alinipasua mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, na nilifurahi kuona ana nguvu za kupasua.

Mkanda uliomkaa vizuri kabisa ndio uliokuwa ukimnyonga. Ndipo nilipoelewa kwamba kukaa sawa ni nusu tu ya jambo. Daktari akanieleza nusu ya pili: kola ya paka lazima iachie. Mbwa hufungwa na kuvutwa, kwa hiyo ukanda wake hutakiwa kushika. Paka hapiti njia. Anapita juu ya ukuta, ndani ya ua, katikati ya matawi. Nchi nyingine kola za paka huwa na klipu ya plastiki inayofunguka yenyewe ikivutwa kwa nguvu, na hata hapa kwetu siku hizi zinaonekana katika maduka ya miji mikubwa. Lakini akaniambia nisiamini maandishi ya kwenye pakiti. Shika ncha mbili, vuta. Kama mkono wako unahangaika, shingo yake itahangaika zaidi.

Sikuwa na klipu hiyo. Nilikuwa na sindano.

Katika kazi yetu kuna mshono uitwao bandi. Ni ule tunaopiga kwa mkono, mrefu mrefu, kushikilia kitambaa kwa muda kabla ya kupitisha cherehani. Haukusudiwi kudumu, ukimaliza kazi unauvuta, unatoka. Miaka yote nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba bandi si mshono wa kuachwa kwenye nguo ya mtu. Nikakata ukanda wa pamba upana wa sentimita moja, usio na lastiki hata uzi. Ncha zake mbili nikazipandanisha, nikazishika kwa bandi tu. Swali likawa: mishono mingapi?

Nilimpeleka Tetemeko kwa muuza dagaa, tukampima mzanini: kilo tatu na nusu. Nikatundika ukanda kwenye msumari wa mlango, nikafunga mfuko wa maharage wa kilo mbili, nikaanza kushona na kuhesabu. Uzi wa poliesta, ule wa kawaida wa cherehani, haukukatika hata kwa mishono mitatu, nikautupa. Uzi wa pamba, mishono sita: mfuko ulining'inia nikapika chai, bado uko. Mitano, uko. Minne, ukashuka polepole kisha ukaanguka. Mitatu, nilipouachia tu ukaanguka, na maharage yakaenda chini ya kitanda. Mitatu ndiyo nikaichukua. Nilitaka ukatike kabla uzito wake wote haujashuka shingoni.

Nikamvisha, nikatembeza vidole, nikaondoa kengele. Wengine huipenda, na ni kweli husaidia ndege kumsikia akija, lakini mimi paka wangu namtaka kwa ajili ya panya wa mahindi na maharage. Juu ya ukanda nikatarizi nambari yangu ya simu kwa uzi mweupe. Kila mwisho wa mwezi nafumua bandi na kupiga mpya, kwa kuwa uzi ukilowa na kukauka hubadilika.

Sasa nawashonea wengine. Mtu akija namwambia alete paka, sishoni kwa kukisia. Kitoto kisichofikisha miezi sita naona heri kisubiri. Na mwenye haraka namtaka aape kupima kila wiki, nami namsimulia kuhusu lastiki. Wanaoniletea kola za dawa ya viroboto walizonunua kwa ajili ya mbwa nawakataza waziwazi. Dawa iitwayo pemethrini, ambayo mbwa na ng'ombe huivumilia, kwa paka ni sumu. Nilimwona paka wa mteja wangu aliyemwagiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe akitetemeka mwili mzima kutwa nzima, na hakuiona asubuhi. Kiroboto anatoka kwa chanuo la meno ya karibu na kwa kuanika matandiko juani. Ukitaka dawa, mwambie daktari ni ya paka, na umtajie uzito.

Nyumba tulishaijenga upya, kwa nondo safari hii. Ukanda wa Tetemeko umekatika mara nne tangu nianze kupiga bandi. Mara ya mwisho ni wiki iliyopita, baada ya mvua. Nilikwenda kibanjani kwa jirani kuomba majani ya mgomba, nikaukuta umening'inia kwenye kisiki cha mbuni, umelowa, nambari yangu inaonekana, na nyuzi tatu za pamba zimesimama kwenye ncha yake kama ndevu. Moyo ulinilipuka hata hivyo, kama kila mara. Nikaita. Nilipofika nyumbani alikuwa kwenye ngazi, shingo tupu, akijilamba ule mguu mweupe. Nikakaa pembeni yake, nikatoa sindano kwenye ukosi wa gauni langu, nikatafuta tundu lake kwa mwanga uliobaki.